TAHADHARI: Muuza hita za sola anayepita nyumba kwa nyumba Tabora

Nimeingizwa mjini nikiwa mjini kwangu, Cheyo hapahapa, na bado naona aibu kuandika. Milioni moja na laki mbili imekwenda. Msiniulize ile hela ilitoka wapi, wengine mnajua.

Mnajua pia magoti ya mama, na asubuhi za Juni zilivyo huku kwetu. Vile vyumba vya uani vimeisha, bafu ni la ndani, nikasema mama asikogeshwe tena kwa maji ya sufuria. Nilikuwa nimeshaamua kununua hita ya shawa ya umeme. Ndipo akaja yule kaka, shati limenyooka, anamwamkia mama kwa Kinyamwezi safi, "Mwangaluka!" Mama akayeyuka. Nami nikayeyuka.

Akaniuliza hita niliyotaka ni ya wati ngapi. 5,500, nikamjibu. "Dada'angu, hiyo ikiwaka saa nzima imekula yuniti tano na nusu za LUKU." Nikapiga hesabu kwenye simu, kweli! Mtu anayesema ukweli kwenye hesabu utamkatalia nini?

Akatoa mrija mmoja wa kioo wa hita yake ya sola, mrefu kuliko mimi, akatia maji kidogo, akauegemeza ukutani juani. Saa nne hiyo. Tukapiga soga, akala ugali kwa mlenda na sisi, akausifu mlenda (nikikumbuka hapo natamani kujizaba kofi). Adhuhuri akaniambia, "Gusa kioo." Baridi! Akamimina maji kwenye kikombe, mama akatia kidole, akakichomoa anapiga yowe. Tukacheka wote. Nikatuma hela palepale.

Walikuja kufunga magharibi, vijana wawili na pikapu, wanamulika kwa tochi. Kesho yake maji vuguvugu. Nikapiga simu: "Subirini siku tatu, tangi lizoee." Lizoee nini, ndoa? Nami nikasubiri! Wiki ya pili yanatoka na rangi ya chai, simu yake haipatikani.

Fundi bomba kutoka Ipuli akapanda, akavua vile vikombe vya plastiki vinavyoshika mirija kwa chini, akaniita. Mrija mzima, ncha yake ya chini inang'aa fedha kama kioo cha kujitazamia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue hewa imeingia katikati ya kuta mbili za kioo na joto halikai tena. Yangu 15, nyeupe 11. Ule aliotuonyesha juani ulikuwa mzima, aliondoka nao. Tangi nalo kuukuu, kutu tupu ndani, nje wamelipiga rangi.

Mtu huyu afungwe. Tena kabla ya kufungwa apandishwe juu ya bati langu saa saba mchana, ashushe takataka yake mwenyewe kwa mikono, mama akimtazama. Amekula chakula cha mama yangu! Polisi nimeripoti, wamenipa namba ya jalada. Mwenye jamaa polisi anitafute faragha.

Dalili? Zilikuwepo. Jina lililotokea kwenye simu nilipotuma hela halikuwa lake, akasema ni la shemeji yake. Risiti ya EFD hakuna, eti mashine imeishiwa karatasi. Waranti ya miaka 5 ina muhuri, duka halina mtaa. Na kufunga usiku. Mume wangu aliuliza kwa nini usiku, nikamjibu vibaya mbele ya watu, hilo nalo nalibeba.

Jana nimeambiwa pikapu nyeupe kama ile imeonekana Nzega. Watu wa Nzega, akiwaegemezea mrija ukutani, vueni vikombe vya ile mingine iliyo kwenye boksi kwanza, mchana. Na mlenda msimpe.