Sensa ya oksijeni isiyo na plagi: yaliyonikuta kwenye IST yangu

Gari ni Toyota IST ya 2003, injini 1NZ. Taa ya injini iliwaka, nikapimiwa kwa mashine, ikatoka kodi ya hitilafu, P0135. Hiyo ni hitilafu ya hita (kipasha moto) ya sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi kabla ya masega, yaani kisafisha moshi. Bei ya orijino mpya nilipotajiwa niliaga. Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Shaurimoyo nikachukua ya 45,000, zile wanazoziita "inaingia gari zote". Ndani ya boksi kuna sensa, nyaya nne zinaning'inia, plagi hamna. Unakata plagi ya sensa ya zamani pamoja na vipande vya nyaya zake, unaunga kwenye mpya.

Fundi wangu akafungua kwa spana ya 22, akakata, akaunga rangi kwa rangi. Nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, zilizobaki akazikutanisha tu. Tepu nyeusi juu, kodi ikafutwa, taa ikazima. "Tayari bosi." Sijafika Tabata, taa hiyo. Kodi ile ile.

Kesho yake akasema sensa ni feki. Dukani wakasema ikishafungwa hairudi. Nikanunua ya pili, maana ile ya kwanza sikuiamini tena, lakini safari hii nikasema gari haliguswi mpaka nielewe.

Karatasi ya maelekezo niliikuta chini ya kiti cha abiria, imekunjwa vile vile ilivyotoka kiwandani. Ina jedwali dogo la rangi, na majibu yote yalikuwa humo. Sensa yangu ya zamani ilikuwa ya kampuni ya Denso: nyeusi mbili ni za hita, bluu ni signo (waya unaopeleka kipimo kwenye kompyuta ya gari), nyeupe ni athi ya signo (waya wa kurudishia). Hii mpya inafuata rangi za kampuni ya Bosch: nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni signo, kijivu ni athi. Sasa ile nyeusi kwa nyeusi ya fundi, nilipoweka multimita switchi ikiwa on, ilikuwa na volti 12 za betri. Yaani waya ambao kazi yake ni kutoa umeme usiofika hata volti moja ulikuwa unapigwa 12, na hita yenyewe haipati kitu. Kompyuta ya gari kutokuungua ni bahati yangu tu.

Kama karatasi imepotea, weka multimita kwenye omu upime nyaya mbili mbili, sensa ikiwa ya baridi. Jozi inayosoma omu chache ndiyo ya hita, nyingine hazisomi. Yangu mpya ilisoma 9 na kitu. Ile Denso ya zamani, kwenye nyeusi zake mbili, multimita iliandika OL: hita imekatika, kwa hiyo kodi haikudanganya tangu mwanzo.

Kuunga nako nilitaka kutumia risasi ya kuyeyusha, karatasi ikakataza. Sababu yake nimeipenda: sensa nyingi za aina hii huvuta hewa ya nje kupitia katikati ya nyuzi za waya ili ilinganishe na moshi wa eksozi, na risasi inaziba njia hiyo. Nikatumia viungio vya kubana kwa koleo na mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Nyaya nikazifunga mbali na bomba, kwa sababu tepu ya fundi ilikuwa imeshayeyuka upande mmoja kwa siku moja tu!

Injini ilipopata moto nikapima signo: 0.1, 0.8, 0.3, 0.9, inapanda na kushuka bila kutulia. Ndivyo inavyotakiwa. Huu ni mwezi wa tano tangu niifunge, taa haijawaka, na kwenye foleni ya Mandela sisikii tena ile harufu ya petroli.

Bidhaa naipa nyota tatu kati ya tano. Inafanya kazi, ila nikihitaji nyingine nitaongeza hela nichukue yenye plagi yake, maana kwa sensa mbili za 45,000 tayari nimelipa 90,000. Ile ya kwanza ipo kwenye droo ya gari. Fundi bado anasema ni feki.