Kulala Kapsokwony na Kutembezwa Chepyuk

Nilipanda Mlima Elgon kutoka Kisumu kwa matatu kadhaa, ya mwisho ikitokea Kimilili, nikalala siku mbili katika nyumba ya wageni iliyo karibu na soko la Kapsokwony. Sitaitaja jina kwa sababu ya maji yake: yale ya moto niliyoahidiwa kwa simu yaliletwa kwa ndoo saa nne usiku, baada ya kuuliza mara tatu. Chumba ni shilingi 1,200 pamoja na chai ya asubuhi, na blanketi ni moja tu, ambalo halitoshi kwa baridi ya huko.

Chakula hakina lawama. Nililetewa ugali, mboga ya managu iliyochemshwa kwa maziwa, na mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, iliyomiminwa mbele yangu kutoka kwenye kibuyu, ikiwa na michirizi ya kijivu ya mkaa.

Kilichonipeleka hasa ni matembezi ya Chepyuk, makazi ya wakulima yaliyo huko mlimani; matembezi ambayo nyumba hiyo huyatangaza kuwa ni "historia yote ya mlima" kwa shilingi 1,500. Kiongozi wetu, mwenyeji wa makamo, hutembea kwa mwendo wa mgeni na hakuniruhusu kupiga picha bomani mwa mtu kabla hajaomba idhini. Alieleza vizuri jinsi makazi hayo yalivyoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, juu zaidi mlimani, na jinsi ugawaji wa mashamba wa awamu ya tatu ulivyowagonganisha Wasoy na Wamosop, makundi mawili ya Wasabaot, hadi kundi la wanamgambo la SLDF (Sabaot Land Defence Force) likaibuka katikati ya miaka ya 2000, likawa linatoza wakulima kodi, kuteka watu na kuwakata masikio. Hapo alisimama akanionyesha mpaka wa mashamba mawili: safu moja ya nyasi za nepia, ambayo hata mimi mwenye magoti mabovu ningeivuka kwa hatua moja.

Kasoro ni kwamba alipofikia Machi 2008 alianza kuharakisha maelezo. Wanajeshi walikuja na Operesheni Okoa Maisha, Matakwei aliyeongoza kundi akauawa mwezi Mei, amani ikarudi, basi. Hakugusia wanaume waliokusanywa na kupelekwa kambi ya Kapkota, ambako mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso, wala wanawake ambao hadi leo hawajui waume wao walizikwa wapi. Nilipomuuliza alitazama juu msituni, akasema, "Hayo tutayaongea tukirudi, mzee." Tulirudi, tukanywa chai, hayakuongewa. Simlaumu, kwa kuwa yeye ndiye anayeishi na majirani hao. Ninayemlaumu ni aliyeandika neno "yote" kwenye tangazo.

Nitapanda tena Januari, barabara ya Kopsiro ikiwa imekauka, nikiwa na blanketi langu mwenyewe. Kiongozi nimekwisha kumwambia kwamba safari hiyo nitalipia siku mbili.