Uzoefu wangu katika Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili, Lamu

Nyumba yenyewe si kubwa, na anayetarajia fahari ya kasri lenye mapazia mazito na vinara vya dhahabu huenda akaimaliza kwa robo saa na kutoka bila kuona kitu. Mimi niliitembea taratibu, nikarudi chumba kimoja mara kadhaa, na naipa alama za juu kuliko makumbusho mengine yote ya samani za kale niliyowahi kuyatembelea.

Imo katika vichochoro vya mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni nyumba ya karne ya 18, ya mawe ya matumbawe na chokaa, iliyokarabatiwa na kupambwa kama ilivyokuwa nyumba ya watu wenye uwezo wa zama hizo. Unapita dakani, yaani baraza ya kuingilia, unakata kona iliyowekwa makusudi ili mpita njia asichungulie, unatokea kiwandani, yaani ua wa wazi wa nyumba, kisha vyumba vinafuatana: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu) na ndani (chumba cha ndani kabisa), kila kimoja kikiwa kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Vyote ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka nafasi pana. Ukishalielewa hilo, mpangilio wa vyombo unajieleza wenyewe: hapana nafasi ya samani katikati, kwa hiyo vitanda vimewekwa kwenye ncha za chumba, na mapambo yamepanda ukutani.

Ukuta wa chumba hicho cha ndani ndio ulionishika zaidi. Umejaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, kingo zake zikiwa zimechongwa nakshi, na humo vimewekwa mabakuli na sahani za kauri, zikiwamo za Kichina zilizofika pwani yetu kwa majahazi. Nimeona bakuli za namna hiyo katika kabati za vioo kwingineko, zikiwa na namba na taa kali, na sikuzijali. Hapa, kwenye mwanga hafifu unaotoka kiwandani, buluu ya bakuli moja dhidi ya chokaa nyeupe ilinifanya nielewe kwa nini mama mwenye nyumba alitaka mgeni azione.

Kiti cha enzi nacho kinastahili kusogelewa. Kimejengwa kwa mti mweusi mzito, pembe zake zote ni mraba, mgongo ni mrefu na umenyooka, na vipande vidogo vya mfupa vimepachikwa kwa ustadi kiasi kwamba jicho halioni mwanya. Kikalio na mgongo vimesukwa kwa kamba nyembamba, hivyo hewa inapita, jambo la maana sana kwa joto la pwani. Hakikuwa kiti cha kila mtu wala cha kila siku. Alikaribishwa mgeni wa heshima, miguu yake ikapumzika juu ya kibao cha mbele. Nadhani kwa kiti hiki peke yake safari ya Lamu inafaa.

Vitanda vya kamba vyenye miguu iliyokerezwa ni vizuri, ingawa sikuvitazama kwa muda mrefu. Usipite birika, yaani hodhi la kuhifadhia maji, bila kuuliza, kwani watu wa zamani walifuga humo visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, wakaweka bakuli la kauri chini ili samaki wapate maji hata birika linapopungua. Kauri ile ile ya kupamba ukuta ilifanya kazi hiyo pia.

Nendeni jua likiwa limepanda vizuri, maana vyumba havina madirisha ya upande wa njia na chumba cha ndani huwa na giza mapema. Mchukueni pia mwelezaji wa hapo, na mumwache aanze kusimulia dakani, mahali ambapo nyumba yenyewe inaanzia.