Beji ya rubani iliyosuguliwa ikameremeta kama kijiko: je, ni ya zamani kweli?

Haya, tuko tayari? Kamera inaona? Karibuni tena watazamaji wangu, na leo nawaambia mapema kabisa kwamba nimenuna. Tazameni hii. Beji ya mabawa ya rubani, jeshi la anga la Marekani, enzi za Vita Kuu ya Pili. Inchi 3 ncha hadi ncha, ngao katikati, hayo mnayajua, sipotezi muda. Sasa mbona inameremeta hivi? Kwa sababu muuzaji, kwa nia njema kabisa, kaisugua kwa dawa ya kung'arishia kabla ya kunitumia. Jamani!

Fedha ikikaa miaka 80 inaingia weusi kwenye mifereji ya manyoya, na weusi ule ndio unaofanya kila unyoya usimame peke yake. Hebu niisogeze. Mnaona bawa la kushoto? Manyoya yamelala kama uji. Kila mara ukisugua unaondoa na fedha yenyewe kidogo, na haitarudi. Nimelipa dola 85. Kwa hii? Nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe wa kuirudisha.

Halafu nikaigeuza.

Na hapa ndipo nataka tukae, maana watu wanatuma picha kila siku, "mwalimu, hii ni halali?", na picha zote ni za uso. Nipeni mgongo! Haya, mgongo huu hapa. Kwanza neno STERLING. Kuna wanaoliona neno hilo wakatoa pesa palepale. Linakwambia fedha safi ni sehemu 925 katika 1,000, basi. Halikwambii mwaka. Aliyegonga beji mwezi uliopita naye anaweza kuliandika. Alama ya mtengenezaji ni N.S. Meyer wa New York, jina kubwa, lakini nalo halitoshi, kwa sababu vyuma vya zamani vya kugongea beji vimetumika tena baada ya vita. Chuma ni kilekile, kwa hiyo uso unatoka uleule. Ukishindana na uso utashindwa.

Tazameni pini sasa. Ngoja, mkono unatetemeka, nimekunywa kahawa nyingi. Hii ni bawaba, na hiki upande wa pili ni kishikizo. Nafungua... mmesikia? Nafunga. Tena. Kile kigurudumu kidogo cha kufungia kinazunguka kwa uzito wake, hakichezi. Pini imepinda kidogo hapa katikati, kama pini iliyopitishwa kwenye koti zito la sufu mara nyingi. Sasa leteni lenzi chini ya bawaba. Hapo! Muuzaji kasugua kote, lakini kitambaa chake hakikufika hapa. Weusi umebaki kwenye lehemu, umepanda hadi kwenye fedha bila kukatika, hakuna mstari unaoonyesha kwamba bawaba ilibanduliwa ikabandikwa nyingine. Weusi wa kupaka hukaa juu juu, ukipitisha kijiti cha mbao unatoka kama masizi. Napitisha. Kijiti kisafi. Napitisha tena, wale wabishi muone. Kisafi.

Kwa hiyo hasira zangu zimepungua. Hazijaisha.

Na kabla hujaniuliza: vile vifungo viwili vya kubana mgongoni, ambavyo beji nyingine zinavyo badala ya pini, havimaanishi beji ni mpya. Vilikuwepo wakati wa vita pia, pini ikiendelea kutumika. Bandia nyingi zinakamatwa kwa njia nyingine. Aliyeisubu kwa kuichukua ile halisi kama mfano anapata kitu kidogo zaidi, kwa sababu metali inasinyaa ikipoa. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, pima dhidi ya ile unayoiamini. Kisha tafuta vishimo kama vya tundu la sindano kati ya manyoya. Beji iliyogongwa kwa mashini haina vishimo vile.

Sasa kuna mwenzetu mmoja huko, simtaji, ana watazamaji wengi kuliko mimi, Mungu ambariki. Yeye anamulika kila beji kwa taa ya UV, ile ya mwanga wa bluu, na kutangaza hukumu. Ndugu yangu, taa ile ni ya nyuzi! Mabawa ya kitambaa, kama ya Waingereza yaliyodariziwa, ndiyo unayoyamulika, maana nyuzi za kisasa mara nyingi hung'aa. Na hata hapo jihadhari: kitambaa cha zamani kilichofuliwa na sabuni ya kisasa kinaweza kung'aa vilevile. Mimi kwa ya Waingereza naanza na taji. Mwaka 1953 taji lililo kwenye beji lilibadilika likawa la Malkia, kwa hiyo ukiuziwa bawa la vita lenye taji hilo, funga mkoba wako.

Ile video ya nusu-bawa, beji yenye bawa moja tu ya waelekeza njia na wapiga bunduki wa ndegeni, niliahidi wiki jana. Stendi ya kamera ilivunjika. Itatoka Alhamisi, msinitukane.

Bei? Kwa dola 85, ingekuwa haijaguswa, ningeshangilia. Hivi ilivyo, nadhani 60 ingetosha... lakini ile pini, jamani. Hapana, siirudishi. Nimeamua sasa hivi mbele yenu. Ila ukiwa na bajeti ndogo usianze na za WASP, kikosi cha wanawake marubani wa Marekani wakati wa vita, zile zenye umbo la almasi katikati. Waliohitimu ni 1,074 tu, bei iko juu, na palipo na bei ya namna ile bandia hazikosi.

Mmoja ameuliza aiweke wapi. Usiifunge kwa mpira, usiizungushie sufu, vyote vina salfa na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Mfuko wa karatasi isiyo na asidi unatosha. Ndiyo, najua, dakika kumi nimelilia weusi, sasa nawaambia muuzuie. Weusi wa miaka 80 unajengeka polepole na kwa usawa. Ule wa mpira unaacha mstari mweusi katikati ya bawa, na mtu akiuona atachukua dawa ya kung'arishia.