Jiwe jekundu la chumvi: ng'ombe wanalipenda, lakini halitoshi kuwa madini

Nafuga ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kondoo wachache huku Rungwe, na jiwe la chumvi la asili, lile jekundu lililotobolewa katikati na kutiwa kamba, halikosekani bandani kwangu. Likiisha nanunua jingine. Nimeona niandike vizuri kulihusu kwa sababu wafugaji wenzangu wanaliuliza sana, na wauzaji wanalisemea mambo ambayo silioni likiyafanya.

Nianze na sifa zake, maana linazistahili. Jiwe hili ni chumvi iliyochimbwa ardhini, nyingi ya aina hii inatoka Khewra, jimbo la Punjab huko Pakistani, na wekundu wake ni chuma kidogo kilichochanganyika humo. Ni gumu kwelikweli. Ng'ombe analilamba, hawezi kulimega kwa meno na kula bonge zima. Kwa sisi wa Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ugumu huo ni jambo kubwa. Yale mawe ya kiwandani ni unga ulioshindiliwa, na masika yakikolea unyevu unayala upande mmoja hadi yanamomonyoka na kudondokea kwenye samadi. Jiwe jekundu nalo huyeyuka likinyeshewa, asikudanganye mtu, lakini polepole. Mimi nalitundika ndani ya banda, chini ya bati, usawa wa kifua cha ng'ombe, mbali na hori la maji ili wasilidondoshee maji ya mdomoni.

Na wanalihitaji. Mabingobingo tunayowakatia yana potasiamu nyingi na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, kidogo mno, zaidi wakati wa mvua majani yanapokuwa laini yamejaa maji. Ndiyo maana utamkuta mnyama analamba ukuta, analamba mpini wa jembe ulioshikwa na mikono yenye jasho, analamba hata shati lako. Tangu niweke jiwe, tabia hiyo imepungua sana kwangu, na maji wanakunywa zaidi. Ng'ombe anayekamuliwa akinywa maji vizuri, ndoo inaonyesha.

Faida nyingine, na hii kwangu ndiyo iliyonifanya niendelee nalo, ni kondoo. Mawe mengi ya madini ya ng'ombe yametiwa shaba. Ng'ombe anaihitaji, lakini kondoo ini lake linaihifadhi mpaka inageuka sumu, na anaweza kufa ghafla bila wewe kujua kilichomuua. Jiwe la asili halikutiwa shaba, kwa hiyo banda lenye mifugo mchanganyiko kama langu linaweza kulitumia bila hofu. Ukinunua jiwe la kiwandani, soma karatasi yake kwanza, na likiwa la ng'ombe usiliweke kwenye zizi la kondoo.

Sasa lile ninalolipinga. Dukani nilikonunua walibandika karatasi: "madini 84". Dada aliyenihudumia, mpole na mwenye heshima, akaniambia, "Mama, ukiweka hili huhitaji tena madini ya unga." Hapana. Jiwe hili karibu lote ni chumvi ile ile ya mezani, na hayo mengine ni chembe tu. Pigeni hesabu na mimi. Lita moja ya maziwa ina takriban gramu 1.2 za kalsiamu. Ng'ombe wa lita 15 anatoa gramu 18 kila siku kupitia chuchu peke yake. Hata akilamba gramu 50 za jiwe, kalsiamu atakayoipata haifiki gramu moja. Fosforasi ndiyo kabisa, ni kama haimo. Mfugaji akiamini ile karatasi akaacha kuchanganya unga wa mifupa au madini ya unga kwenye pumba na mashudu ya alizeti, atakuja kuona mtamba hapandwi kwa wakati, na ng'ombe wanatafuna mifupa na matambara. Mwenye ng'ombe wa maziwa mengi amuulize bwana mifugo mapema, tena kabla ng'ombe hajazaa, kuhusu homa ya maziwa. Ng'ombe akishaanguka baada ya kuzaa, jiwe halimwinui. Hapo ni sindano ya kalsiamu.

Jambo la iodini nalo lisisahaulike. Nyanda zetu za juu kusini ni ukanda uliojulikana kwa rovu, yaani uvimbe wa koo, kwa watu, na udongo usiompa binadamu iodini haumpi mbuzi pia. Mbuzi jike mwenye upungufu anaweza kuzaa watoto dhaifu, wamevimba koo, wengine wakiwa wamekufa. Chumvi ya mwambani kama jiwe hili ina iodini ndogo sana. Ndiyo sababu kwenye pumba ya mbuzi natia chumvi ya dukani iliyowekwa madini joto, yaani iodini, hata kama jiwe linaning'inia hapo hapo.

Wapo wanaouliza kama chumvi ya Ivuna, kule Momba upande wa ziwa Rukwa, haiwezi kufanya kazi ya jiwe hili. Ni chumvi ya chemchemi, na watafiti wa mambo ya kale walikuta watu wakiichemsha pale tangu karne ya 13. Ukiipata, mnyunyizie ng'ombe kidogo kwenye pumba, ni sodiamu na itamfaa. Ila ni ya chembechembe, haitundikiki. Magadi ndiyo nisingependa yawe chakula cha kila siku, maana baadhi yana floridi nyingi na meno ya mnyama yanaharibika.

Kwenye boksi la jiwe langu kuna picha ya ng'ombe, farasi na kulungu. Huko Marekani watu huwawekea kulungu mawe porini, na majimbo kadhaa yamekataza, kwa sababu kuna ugonjwa usio na tiba unaokula ubongo wa kulungu na unaenezwa kwa mate. Hilo linatuhusu kwa njia yetu. Ugonjwa wa miguu na midomo nao unakaa kwenye mate. Ndugu zangu wa Mbarali mnaochunga jirani na hifadhi ya Ruaha, msiache jiwe malishoni ambako nyati atapita usiku alilambe, na asubuhi ng'ombe wako waje hapo hapo. Hata sisi wa milimani, jiwe la kwako lisiazimwe kwa jirani.

Bei nililipa shilingi 15,000 kwa jiwe la kilo tatu hivi, karibu mara mbili ya la kiwandani. Kwa mwenye ng'ombe mmoja na hana kondoo, bila kusita namshauri anunue la kiwandani lenye madini, alikinge na mvua. Mwenye zizi mchanganyiko achukue jekundu na aendelee na madini ya unga. Na wenye maduka, tafadhali bandueni hiyo karatasi ya madini 84, andikeni "chumvi ya kulamba". Tutanunua tu.