Mikindani kwa miguu na kijana wa hapohapo: elfu kumi na tano yangu imeenda kihalali

Nimekaa Mtwara mwaka wa tisa huu na Mikindani nimepita mara nyingi mno, ni kilomita kama kumi tu kutoka mjini, ukiwa kwenye basi la Lindi unaiona bahari, unaona minazi na zile nyumba kuukuu, dereva anapunguza mwendo kidogo kwenye kona alafu basi, mshapita. Miaka yote hiyo sijawahi kushuka kwa nia ya kutembea. Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja kutoka Mwanza na watoto wawili, akaniuliza hapa kwenu kuna nini cha kuona zaidi ya ufukwe wa Shangani, nikasema twendeni Mikindani. Tulikuwa watu wazima watatu na hao watoto, tukachukua kijana mmoja anayetembeza wageni, mzaliwa wa palepale, elfu kumi na tano kwa kichwa, watoto hakutuchaji. Tulianza sa tatu kasoro asubuhi tukamaliza sa saba. Naandika hapa kwa sababu watu wengi wa Mtwara na Lindi mko kama nilivyokuwa mimi, mnapita tu.

Kitu cha kwanza alichofanya kikanifurahisha ni kwamba hakukimbilia Boma, lile jengo la Wajerumani. Alituingiza vichochoroni kwanza, kwenye nyumba za mawe, akatuambia tuguse ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na pale plasta ilipodondoka unaona kabisa vile vishimo vishimo vya tumbawe, unaona na boriti za mikoko zilizobeba dari. Akawauliza watoto kwa nini vyumba vyote ni vyembamba, wakabuni weee, mwisho akawaambia pimeni urefu wa boriti. Boriti ya mkoko ndo inaamua chumba kiwe na upana gani, ukitaka chumba kipana huna mti wa kukibeba. Mi mwenyewe nimezaliwa pwani na sikuwahi kulifikiria hilo. Kuna nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi, zile za wafanyabiashara wa Kihindi, chini duka juu familia, na milango ya kuchonga bado ipo michache mizuri sana.

Kwenye kibaraza kimoja alikuwepo bibi anasuka ukili wa mikeka, kijana akasimama akamwamkia shikamoo bibi, akasubiri marahaba, akamuulizia mgongo, ndo akaomba tuketi. Bibi akatuambia mwenyewe jinsi alivyokuwa anatumwa chumvi na ufuta akiwa msichana, na nyumba ipi ilikuwa ya nani. Tulikaa pale karibu nusu saa. Kijana hakumkatisha hata mara moja wala hakuangalia saa, na hapo nikajua tumepata mtu sahihi maana anajua kwamba historia ya Mikindani iko midomoni mwa wenyeji kuliko kwenye vibao.

Nyumba yenye kibao cha Livingstone tukafika. Wengi tunajua jina tu la shuleni, kwamba alipita. Hapa tukapata zaidi, kwamba mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kwenda bara aliianzia huku kwetu, akiwa na askari wa Kihindi, watu wa Komoro, na wanyama aliokuja nao, ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, alitaka kuona kama wanaweza kuhimili mbung'o ili wabebe mizigo badala ya binadamu. Wanyama wengi wakafa njiani huko Ruvuma. Shemeji akauliza alifika lini Ujiji, nikaona watoto wamesogea kusikiliza. Na kijana akaweka mkazo kwa wafuasi wake wawili Waafrika, Chuma na Susi, kwamba Livingstone alipofariki 1873 hao ndo waliokuwa mstari wa mbele kuubeba mwili wake kutoka huko Zambia ya leo mpaka Bagamoyo, kwa miguu, miezi mingi, na Chuma alikuwa Myao, kabila lililopo hata kusini hukuhuku, aliyekombolewa utotoni mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Mtoto wa shemeji wa miaka kumi na moja akasema mbona kibao kina jina la mzungu peke yake. Mi nakubaliana naye kabisa. Panatakiwa pawe na majina yote matatu pale.

Jengo linaloitwa soko la watumwa ndo sehemu iliyokuwa nzito. Misafara ilikuwa inatokea hata Ziwa Nyasa huko, wanashuka pwani na pembe na watu, kuanzia Kilwa kuja mpaka huku, mpaka Sultani wa Zanzibar aliposaini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari, na hata baada ya hapo watu waliendelea kupitishwa kwa siri. Kijana alieleza kwa sauti ya chini, bila maigizo, hakuwaambia watoto wajifanye wamefungwa minyororo kama nilivyoona mahali fulani pengine wakifanya, kitu ambacho kiliniudhi sana siku ile. Hapa alisema, akanyamaza, akatuacha tusimame. Inatosha hivyo.

Boma lenyewe ni la Wajerumani, la 1895, jeupe, lina mnara, unaliona kutoka barabarani. Waingereza walilichukua baada ya vita ya kwanza, baadae likaja kuachwa likachakaa mpaka taasisi ya hisani ya Uingereza ikalikarabati likawa hoteli, na kwa macho yangu ukarabati umeheshimu jengo, kuta nene zimebaki kuta nene. Sina mengi hapo, tulipita kwa muda mfupi.

Utamu uko nyuma yake. Kuna njia inapanda kilimani, mibuyu, mikorosho, mashamba madogo ya muhogo na mbaazi, dakika kama ishirini na tano kwa mwendo wa watoto. Ukifika juu ukageuka unaelewa kila kitu ulichoambiwa chini. Ghuba imejikunja kama bakuli na mdomo wake mwembamba, jahazi likishaingia humo upepo wa kusi au wa kaskazi haulisumbui tena, na ndo maana mji ukawa hapa karne na karne. Alafu kijana akanyoosha mkono upande wa Mtwara akasema mji wetu ulihamia kule. Baada ya vita ya pili Waingereza walikuja na ule mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, walianza 1947, wakahitaji bandari ya kina kirefu, wakachagua Mtwara ambayo ilikuwa kijiji cha wavuvi, wakajenga na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa 1951 karanga hazikutosha hata mbegu, reli ikaja kung'olewa, ila bandari ikabaki na maofisa wakabaki na biashara ikahama Mikindani moja kwa moja. Nilisimama pale juu nikiangalia mapaa ya chini na nilihisi uchungu kweli, kwa sababu Mtwara yangu ninayoishi ndo iliyoinyonya Mikindani, na hatujawahi kurudisha kitu.

Tulikula korosho za kuchoma juu kule, na ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa huku kusini, ya kuchemsha, tuliyonunua kwa kinamama pale barabarani, shemeji hakuwahi kuiona maishani, alidhani mizizi ya dawa, akala bakuli zima na chumvi na pilipili akataka kubeba ya kupeleka Mwanza.

Sasa yaliyonikera, na nayasema kwa sababu nataka yarekebishwe. Njia ya kilimani haina hata alama moja, nyasi zimefika kiunoni sehemu mbili, bila mwenyeji unapotea na kama umevaa kaptula utawashwa na upupu, mmoja wetu alikoma. Ufukweni taka ni nyingi, chupa na nepi, sehemu ambayo jahazi zinaegeshwa kabisa. Kwenye gofu moja alitokea jamaa akadai elfu tano ya kupiga picha, hana risiti wala kitambulisho, kijana wetu akazungumza nae kwa adabu tukaondoka bila kulipa, lakini mgeni asiyejua angelipa na angeondoka na picha mbaya ya watu wa Mikindani ambao kwakweli ni wakarimu. Chakula cha mchana tuliagiza mahali asubuhi kabisa, samaki wa nazi na wali, tumerudi sa saba mpishi hajaanza kukuna nazi, tukasubiri mpaka sa tisa na watoto wana njaa. Samaki alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo, ila masaa mawili ni mengi.

Na hili la magofu linaniumiza kuliko yote. Nimeona nyumba mbili paa limeingia ndani, mbuyu umeota sebuleni, na pembeni mawe ya ukuta yamepangwa vizuri tayari kubebwa kwenda kujengea mahali pengine. Mlango mmoja imebaki fremu tu, mbao zimeondoka. Sisemi wenyewe wana kosa, familia ikiwa imegawanyika Dar na Unguja na kukarabati chokaa ni gharama, saruji ndo inapatikana na saruji inaliziba tumbawe, halipumui vizuri, ukuta unaoza na unyevu, fundi wa chokaa wamebaki wazee. Ila nyumba hizi zikidondoka hazijengwi tena. Wenye nyumba zenu kule, hata kufunika paa kwa makuti kunazuia mvua, msisubiri hela ya bati.

Kwa anayetaka kwenda: toka Mtwara mapema na daladala au bajaji, jua la sa tano pale kilimani halina huruma. Viatu vya kufunga. Kinadada beba kanga au mtandio maana mtapita karibu na misikiti na vibarazani mwa watu, na piga picha ya mtu baada ya kumuomba, usianze na simu. Beba hela ndogondogo. Mwambie anayewatembeza mapema kama mna mtoto au mzee, njia ya chini peke yake inatosha na haichoshi, tena bibi wa ukili yuko njia ya chini. Mvua za masika usiende kilimani, udongo unateleza.

Kijana nampa nyota tano, mahali pa chakula tatu, mji wenyewe siuwekei nyota. Sisi tunarudi kipindi cha bamvua, maji yakipwa mbali, ametuahidi kutupeleka na kinamama wanaotafuta pweza kwenye miamba, na mtoto wa shemeji ameshaniachia kalamu na daftari niandike atakachosema bibi.