Bastola, redi doti na triga: pesa yako ianzie wapi?

Mtu mwenye dola 1,200 anayetaka bastola ya kulenga shabaha wikendi aigawe hivi: nusu iende kwenye bastola, robo kwenye redi doti (kilengeo cha kioo chenye nukta ya mwanga), na robo iliyobaki yote iwe risasi. Triga, yaani kifyatulio, ya kununua pembeni isubiri. Najua watu wengi hufanya kinyume. Wananunua bastola ya bei nafuu, wanaibadilisha triga kabla haijapiga hata pakiti mbili za risasi, halafu wanakosa pesa ya mazoezi na kubaki wakiisifia sebuleni.

Naandika kwa wale walioko Marekani, kwa sababu ndiko soko hili lilipo na ndiko unakoweza kujaribu kabla ya kununua. Viwanja vingi vya ndani hukodisha bastola: unalipa ada ya nafasi ya kupigia, ada ya kukodi, na mara nyingi wanakutaka ununue risasi kwao. Ukikodi tatu kwa siku moja, gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya kuuza bastola uliyoichoka baada ya miezi sita.

Kabla ya hayo yote, sheria. Ukiwa raia au una green card, unaruhusiwa kununua kama hakuna kizuizi kingine. Utajaza fomu 4473, fomu ya serikali ya mnunuzi wa silaha, na muuzaji atapitisha jina lako kwenye NICS, mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi. Ukiwa na viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kikiwemo cha mwenye leseni halali ya uwindaji. Usidhani kukodi uwanjani ni jambo jingine. Hata kuishika kunaweza kuhesabiwa kuwa unayo. Ongea na wakili wa uhamiaji kwanza. Na usimnunulie binamu yako bastola kwa jina lako hata akikupa pesa taslimu. Hilo ni kosa la jinai, na udugu hauwi utetezi mahakamani.

Mkono kwanza

Kigezo changu cha kwanza hakihusu chapa. Shika bastola tupu, iliyokaguliwa na kuelekezwa upande wa shabaha, funga macho, inua mikono kama unayelenga, kisha fungua macho. Kama mtutu unatazama juu au chini ya pale ulipokusudia, mpini huo haukufai, au utakugharimu mazoezi mengi kuuzoea. Kwa mwenye redi doti jambo hili lina uzito mara mbili. Kwa vilengeo vya chuma, ukikosea kidogo bado unaona kilengeo cha mbele kikichungulia, unajirekebisha. Kwa redi doti, ukikosea pembe ya kifundo cha mkono unaona kioo kitupu. Wageni wote hupita hapo: bastola iko juu, mdomo wazi, kichwa kinazungushwa kama mtu anayetafuta mtandao kijijini, na nukta haionekani. Dawa ni kuchagua mpini unaoelekea penyewe, kisha kuinua bastola tupu nyumbani mara nyingi kila jioni, huku risasi zikiwa chumba kingine.

Sasa orodha yangu. Zote ni za milimita 9, kwa sababu risasi zake ndizo za bei nafuu kati ya risasi za bastola kubwa na zinapatikana kila duka.

1. Walther PDP. Ilitoka 2021, na hadi leo sijaona bastola ya kiwandani ya bei hii, kama dola 600 hivi, yenye triga nzuri kuliko hii. Unavuta mwendo mfupi usio na mikwaruzo, unafika kwenye ukuta, yaani pale inapokaza kabla ya kufyatua, unausikia wazi kidoleni, inakatika bila kuburuta, na ukiiachia kidogo tu iko tayari tena. Slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma) ina matuta makubwa, hata mwenye vidole vyenye jasho anaivuta. Inakuja ikiwa imekatwa tayari kwa redi doti. Ubaya wake ni kwamba inaruka kidogo zaidi mkononi kuliko wenzake, na magazini za akiba si za bei rahisi. Kuna toleo la F-Series lenye mpini mwembamba na slaidi nyepesi kuvuta. Mwenye viganja vidogo, mwanamke au mwanamume, aanze na hilo.

2. Glock 17 au 45, toleo la MOS, yaani lililokatwa kwa redi doti. Glock 17 ni muundo wa Austria wa mwaka 1982, na triga yake haimfurahishi mtu: ni kama kilo mbili na nusu, ina mkwaruzo kidogo, na ukuta wake ni laini. Kwa nini basi ni ya pili? Kwa sababu haina visa. Magazini zake zinapatikana kila mahali, vipuri vinauzwa kila kona, kila fundi anaijua, na ukitaka kuiuza wateja wapo. Glock 45 ina slaidi ya Glock 19 juu ya mpini wa 17, na mimi naiona ndiyo saizi tamu kwa uwanjani. Pembe ya mpini wa Glock ni ya kipekee. Kuna mikono inayoipenda mara moja na mikono isiyoizoea kamwe. Jaribio la kufunga macho litakuambia.

3. Canik, familia ya TP9 na METE. Inatengenezwa Samsun, Uturuki. Kwa dola 400 na kitu unapata triga inayokaribia ya Walther, na mara nyingi sanduku lenye magazini mbili, holsta na vikorokoro vingine. Mwenye bajeti finyu asione aibu hata kidogo. Nimeiweka ya tatu kwa sababu vipuri vyake havijaenea kama vya Glock.

4. Smith & Wesson M&P 2.0. Nzuri, imara, mpini wake unashika kama msasa mwembamba. Sina ubishi nayo. Haiongozi katika chochote, haishindwi katika chochote.

CZ Shadow 2 nimeitoa kwenye namba makusudi. Ni ya chuma tupu, ina uzito wa zaidi ya kilo moja na robo, na ilitoka 2016 kwa ajili ya mashindano. Ukiipiga, mtutu hauondoki kwenye shabaha. Risasi ya kwanza unaweza kuivuta nyundo ikiwa chini, kwa uzito mkubwa na mwendo mrefu. Zinazofuata nyundo imejikoki yenyewe, na triga inakuwa nyepesi kama unafikiria tu. Lakini ni zaidi ya dola 1,200 kabla ya redi doti, na ukitaka ya kubandika kioo lazima uhakikishe ni toleo lililokatwa kwa kazi hiyo. Ukishajua kwamba mchezo huu utaufanya kwa miaka, inunue. Kwa mtu wa mwezi wa kwanza, hapana.

Na SIG P320? Jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua mwaka 2017, ikapewa majina ya M17 na M18. Mwaka huohuo kampuni ikatangaza marekebisho ya hiari kuhusu usalama inapoanguka. Tangu hapo kumefunguliwa kesi nyingi za watu wanaodai ilijifyatua bila kuguswa triga. Kampuni inakana na kusema ni salama. Simhukumu yeyote. Ila kuna viwanja na idara za polisi zilizoizuia, na mimi sioni sababu ya kununua kitu ambacho unaweza kukataliwa nacho mlangoni wakati kuna vingine vinne vizuri vya bei hiyohiyo.

Kwa asiyewahi kabisa kupiga, nasema wazi: anza na Ruger Mark IV ya .22. Mlio ni mdogo, haipigi teke, na risasi zake ni za bei ya chini mno. Kosa la kupepesa macho na kubonyeza mkono chini kabla ya risasi kutoka linatibika hapa kwa wiki chache. Kwenye milimita 9 linaweza kukaa mwaka mzima. Ukinunua iliyotumika, angalia namba yake kwenye tovuti ya Ruger, maana za mwanzo ziliitwa kiwandani mwaka 2017.

Redi doti

Nukta inapimwa kwa MOA, yaani dakika ya pembe. MOA moja ni kama sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100. Kwa hiyo kwenye mita 25, nukta ya MOA 2 inafunika sentimita moja na nusu ya karatasi, na ya MOA 6 inafunika zaidi ya sentimita nne. Ndogo ni ya kulenga kwa utulivu. Kubwa jicho huiona haraka. Kwa uwanja wa kawaida wa mita 7 hadi 25, chochote kati ya 2 na 6 kinatosha, ugomvi mwingi unaousikia ni wa burudani.

Chaguo langu la kwanza ni Holosun 507C, karibu dola 300. Ina nukta ya MOA 2 na duara la MOA 32 unaloweza kuliwasha au kulizima. Duara hilo linamwokoa mgeni, kwa sababu hata nukta ikipotea, unaona ukingo wa duara ukikuonyesha irudi upande gani. Ina seli ya sola, inazimika ikitulia na kuwaka ikitikiswa, na betri inaingia kwa ubavuni. La pili, kwa mwenye pesa, ni Aimpoint ACRO P-2 ya Sweden, iliyofungwa pande zote kama kisanduku, ili vumbi, maji na pamba za nguo zisifike kwenye taa. Kwa anayepiga nje kwenye mvua au mchanga, nyongeza ya dola 300 ina maana. Kwa uwanja wa ndani wenye kiyoyozi, haina. Trijicon RMR ni ngumu ajabu na ndiyo iliyofungua njia tangu 2009, lakini toleo la kawaida linataka uifungue kutoka kwenye bastola ili ubadili betri, na dirisha lake ni dogo. Ndugu yake SRO ina dirisha pana na betri juu. Kwa mashindano inapendeza sana, kwa kuangushwa sakafuni haivumilii kama RMR.

Vitu viwili wauzaji hawavisemi. Kwanza, macho. Ukiona nukta kama nyota, koma au chungwa lililopasuka, usirudishe kioo dukani kwanza. Ipige picha kwa simu kupitia kioo hichohicho. Kama kwenye picha nukta ni duara safi, kasoro iko kwenye jicho lako, yaani astigmatizimu, na daktari wa miwani ndiye fundi wako. Watu wengine huona nukta ya kijani vizuri kuliko nyekundu, wengine hukaa sawa na duara kubwa.

Pili, skrubu. Redi doti nyingi zinazosemwa zimeharibika zimelegea tu. Kila bastola na kila kioo vina mpangilio wake wa matundu: 507C hukaa pale RMR inapokaa, ACRO ina wake, vioo vyembamba vya bastola ndogo vina wake. Tumia sahani sahihi ya kuunganishia kioo na slaidi, skrubu za urefu uliotajwa, bisibisi yenye kipimo cha nguvu, na tone dogo la gundi ya kushika nyuzi za skrubu. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kioo. Siku mistari isipokutana, unajua kwa nini risasi zako zilihamia kushoto.

Triga

Triga nzuri haitakupa shabaha. Inakupunguzia tu nafasi ya kujivuruga. Kabla ya kutoa dola 150 au 200, piga risasi elfu moja na ile iliyokuja nayo. Triga nyingi za kiwandani hulainika zenyewe, na kidole nacho hujifunza. Jaribio la bure: bastola tupu, sarafu juu ya slaidi karibu na mtutu, vuta triga. Sarafu ikianguka, tatizo bado ni wewe.

Ukishafika hapo na bado unataka, nunua seti kamili ya kampuni inayojulikana, kama Apex kwa M&P, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Usinyoe vyuma kwa msasa kwa kufuata video. Ndani ya bastola za aina hii kuna vizuizi vinavyoizuia isifyatuke ikianguka, na vinategemea pembe ndogo za vyuma ambavyo msasa huvila kimyakimya. Kwa bastola ya kujilindia, iache triga ya kiwandani.

Gharama nyingine, nje ya zile dola 1,200, ni ndogo ila za lazima: miwani, vizuia sauti vya masikioni (kwa uwanja wa ndani vaa vya kuziba tundu na vya kufunika juu yake), na sefu ya kufungia, hasa penye watoto. Moshi wa risasi una risasi-madini. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, na nguo za uwanjani zifue peke yake.

Na mkoba wa uwanjani uwe wa uwanjani tu. Risasi moja iliyojificha kwenye mfuko wa pembeni haionekani hadi unapopita kwenye mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, au wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na Kenya na Tanzania zote mbili zinahesabu risasi bila kibali kuwa kosa, hata kama huna bastola ya kuipigia.